Nyapara na Dawa ya Jumamosi

Mwaka wa 1931, nikiwa na miaka kama kumi na miwili, nzige walikula shamba letu karibu na Kamukuywa mpaka mabua. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Baba alikuwa amekwisha kufa, mama alikuwa na wadogo wa kulisha, na mimi nilikuwa nimesoma kiasi cha kuandika jina langu na basi. Nikatembea kwa miguu mpaka Kitale kutafuta kazi. Hakunisindikiza mtu. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba nilicho nacho sikupewa, na nikimsifu mtu hapa si kwa sababu alinipa kitu. Huyu ninayemwandika hakunipa kitu. Alinipa kazi, na kazi ni jasho langu mwenyewe.

Alikuwa nyapara wa shamba la mahindi la mzungu mmoja, upande wa mto Nzoia, njia ya kwenda kule ambako siku hizi tunaita Moi's Bridge. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Nyapara, mzungu alimwita Nyapara, na mke wake alipokuwa amekasirika alimwita Nyapara pia. Nilipofika getini hakuniuliza natoka wapi wala mimi ni wa nani. Alisema, "Fungua mdomo."

Nikafungua. Akatazama meno yangu juu na chini kama mtu anayenunua ndama.

"Wewe utakula sana," akasema. "Ingia."

Hayo maneno, fungua mdomo, aliyasema kwa kila kiumbe. Aliwaambia maksai kabla ya kufungwa nira, ingawa maksai hawakumjibu. Aliwaambia watoto wake sukari ilipopungua. Aliwaambia watu waliochelewa kazini, ili anuse kama wamelala na pombe. Siku moja mhubiri alikuja kambini, akawa anashika shavu kila mara. Nyapara akamkatiza katikati ya mahubiri, "Fungua mdomo." Mhubiri akafungua, bana, mbele ya waumini wote. Jino lilikuwa bovu kweli.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alitembea na kiboko cha ngozi ya kifaru mkononi. Sitadanganya kwamba hakukitumia. Alikitumia. Mimi mwenyewe nilikionja mgongoni kwa sababu ya plau iliyokwenda kombo. Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa akibeba mtu mwenye homa mgongoni kama mtoto, kutoka shambani mpaka kwenye mkokoteni, akimtukana njia nzima. "Mjinga wewe, mzito kama gunia la chumvi, usinifie hapa, ukitaka kufa fia kwenu!" Na anayetukanwa amelaza kichwa begani kwake, ametulia.

Watu walimwogopa yeye, na yeye aliogopa bata mzinga. Memsabu, mke wa mzungu, alikuwa na bata mzinga mmoja dume, mwekundu shingoni, na Nyapara alikuwa tayari kuzunguka ghala lote, hata kwenye matope, asikutane na yule ndege. Ukimuuliza anasema, "Sipendi macho yake." Kanisani aliimba kuliko wote, na alijua ubeti mmoja tu. Wenzake wakienda ubeti wa pili, yeye alirudia wa kwanza kwa nguvu zaidi, mpaka wao wakaonekana ndio waliokosea.

Na baiskeli yake! Aliipenda kupita kiasi. Kila Jumamosi mchana alipanda baiskeli kwenda kwake Kamukuywa, na Jumatatu asubuhi na mapema alikuwa amerudi kazini. Lakini kukiwa na matope aliibeba begani ili isichafuke, na kwenye mawe aliibeba ili magurudumu yasiumie. Kwa hesabu yangu ile baiskeli ilimpanda yeye zaidi ya vile yeye alivyoipanda.

Sasa nije kwa dawa.

Upande ule wa mto kulikuwa na kinamasi, na mvua ikinyesha homa ya malaria ililaza watu laini nzima ya kambi. Mzungu akaleta kwinini, vidonge vyeupe kwenye mkebe mkubwa, akamkabidhi Nyapara. Sheria ikawa hivi: Jumamosi adhuhuri unapanga foleni mbele ya stoo, unameza dawa, ndipo unapimiwa posho yako ya wiki, unga na maharagwe na chumvi. Humezi, huli.

Watu hawakuipenda. Ilikuwa chungu mpaka unasikia uchungu kwenye nywele, na masikio yalilia kama umeingiliwa na nyuki. Wengine walisema inamaliza nguvu za mwanamume. Basi kila mtu alikuwa na ufundi wake wa kuificha. Mwingine chini ya ulimi, mwingine shavuni. Wazee waliokuwa wameng'olewa meno ya chini kwa mila yetu walikuwa na bahati, kidonge kilikaa pengoni kama yai kwenye kiota, mtu akapokea posho, akaenda nyuma ya stoo, akatema. Kuku wa pale nyuma walitema pia.

Nyapara akaona hii haiwezekani. Akaanza desturi yake. Alipanda juu ya debe lililofunikwa, akainua kidonge watu wote wakione.

"Mimi kwanza. Tazameni!"

Anakitupa mdomoni bila maji. Anameza, ule mfupa wa koo unapanda na kushuka. Kisha anafungua mdomo wake mpana, anainua ulimi, anageuka upande huu, anageuka upande ule, kila mtu aone hakuna kitu. Halafu anauliza kwa sauti ya kuitisha ng'ombe, "Nimekufa?"

Nasi lazima tujibu, "La!"

"Basi meza. Fungua mdomo."

Miaka ilikwenda hivyo. Nilipanda kutoka kuongoza maksai mpaka kushika plau mwenyewe, nikaoa, vita vikubwa vikaja vikaisha, na kila Jumamosi yule mtu alikuwa juu ya debe anauliza kama amekufa. Naye hakuugua malaria hata kidogo, alijivuna nayo.

Ndipo, baada ya vita, ikaja ile taabu ya michubuko. Na hapa nitasema ukweli wote mbele, ili msomaji asiwe mjinga kama tulivyokuwa sisi. Ilikuwa ile kwinini. Daktari alikuja kutueleza baadaye kwamba ni mtu mmoja mmoja sana anayepata hivyo. Damu yake inaikubali dawa miaka mingi, halafu siku moja inaikataa, na ikishaikataa haisamehi. Kitu ndani ya damu kile kinachoziba vidonda kinakwisha, na damu inavuja chini ya ngozi yenyewe, bila mtu kuguswa. Wewe umejua. Sisi hatukujua. Sisi tuliona hivi: Jumamosi mchana Nyapara ameondoka mzima kwenda kwa mke wake. Jumatatu asubuhi amerudi na alama za zambarau mikononi, jicho moja limevilia damu, miguu ina madoa madogo mekundu kama amemwagiwa punje za wimbi, na akitema mate ni mekundu. Wiki ikienda zinapungua kidogo. Jumatatu nyingine, mpya.

Wewe ungesema nini?

"Anapigwa," akasema mwendesha maksai mmoja, tulimwita Kidevu. Huyu ndiye aliyekuwa amechapwa kuliko sisi wote. "Wandugu, huyu mtu anapigwa na mke wake."

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Mke wake tulimjua. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Misikhu, mwembamba, wa sauti ndogo, anayetembea kanisani kama anaogopa kuamsha viti. Ndiyo maana ilikuwa tamu zaidi.

Nyapara angeweza kujiokoa kwa neno moja. Mimi mwenyewe nilimfungulia mlango. Nikamwambia, "Mzee, pole. Ni baiskeli ilikuangusha?"

Akasimama akanitazama kama nimemtukania mama. "Mimi? Mimi nianguke kutoka kwa baiskeli?"

"Ni kuuliza tu."

"Baiskeli haijanikataa hata siku moja! Usirudie."

Basi ikabaki mke. Yeye mwenyewe hakujua zile alama zinatoka wapi, na kuonekana hajui kitu hakukuwa desturi yake, kwa hivyo akanyamaza. Ukimya wake ukawa ushahidi.

Na hapo watu wakafanya kitu ambacho sijakisikia mahali pengine. Wakaanza kumpelekea yule mama zawadi. Siku za Jumapili, Nyapara akiwa hayuko karibu, mtu wa Kamukuywa akipita njia yake, anaingia bomani na kuku kwapani.

"Mulembe, mayi," anamsalimu kwa heshima ya mama mzazi. "Hii ni yako."

"Ya nini?"

"Asante tu. Kwa kazi."

"Kazi gani?"

"Si unajua, mayi. Mungu akuongezee mkono."

Ndizi zikaletwa, viazi, kibuyu cha maziwa. Kidevu alipeleka kondoo, na Kidevu alikuwa mtu wa kuhesabu hata punje za chumvi. Yule mama aliapa kwamba hajamgusa mume wake, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyomheshimu, wakasema ana adabu, hajisifu.

Lakini mchezo ukafika kwa wazee wa ukoo, na kwa wazee haukuwa mchezo. Mwanamke anayempiga mume alikuwa mkosi kwa boma lote. Wakaitisha kikao bomani kwake, na watu wa shamba wakanituma mimi niende kama jirani. Neno lilikuwa moja: kama ni kweli, mama arudishwe kwao Misikhu, watoto wabaki, na asirudi tena. Watoto walikuwa wadogo. Nilimwona amekaa chini kwenye nyasi, amemshika yule wa mwisho.

Mzee wa kikao akauliza, "Mama, unampigia nini?"

"Simpigi."

"Hatujauliza kama unampiga. Tumeuliza unampigia nini."

Mzee wa pili akasema lazima ni mwiko, kwa sababu mwiko ndio silaha ya jikoni. Mwiko ukaletwa. Nyapara akaambiwa apandishe suruali, mwiko ukawekwa juu ya alama ya pajani.

"Umeingia sawasawa!" wakasema. "Huu ndio."

Mzee wa tatu, mbishi wa kuzaliwa, akachukua bakora yake mwenyewe akaiweka pale pale. Nayo ikaingia sawasawa. Akajaribu kiatu cha jirani yake. Kikaingia. Ikaanza fujo, kila mzee anatetea kiatu chake na kusema alikuwa wapi Jumamosi. Mwishowe mzee wa kikao akasema, "Tuache viatu. Mama ni mfupi. Jicho la huyu mtu liko kule juu. Ulimfikia vipi?"

"Sikumfikia," akasema mama.

"Alipanda kiti," akasema mzee wa pili.

Wakaandika kiti kwenye kesi, kwa kichwa, maana kalamu hatukuwa nayo. Kisha wakamgeukia Nyapara. "Wewe sema. Anakupiga au hakupigi?"

Yule mtu aliyetisha kambi nzima akasimama pale, suruali imepandishwa. "Sijui niseme nini," akasema. "Nalala mzima, naamka hivi."

"Ati anampiga akiwa amelala!" wakasema wote pamoja, na kesi ikaisha. Mama aende Misikhu. Zile alama zikipotea, watafikiria. Zisipopotea, hiyo ndiyo kwaheri.

Ukitazama, hii ilikuwa hukumu ya ajabu, maana mpiga mume akiwa Misikhu na mume yuko Kitale, alama zingetoka wapi? Lakini zilitoka. Zilizidi! Nyapara kwa huzuni alipata homa kidogo, akajiongezea kwinini. Akarudi kwa wazee amepakwa zambarau shingoni. Unadhani waliona kwamba mama hana kosa? Walituma mtu na baiskeli mpaka Misikhu, na ujumbe ulikuwa huu: "Mwambieni apunguze."

Mjumbe aliufikisha kama ulivyo. Mama akauliza, "Nipunguze nini?" Mjumbe akasema yeye katumwa tu.

Jumatatu moja tulikuwa tunalima upande wa kinamasi, Nyapara akashika pua, na damu ikaja. Haikuacha. Tukamwinamisha, tukamwinua, tukampaka maji, ikaendelea kutoka kama bomba lililochakaa. Mimi nikafungua plau, nikafunga maksai kwenye mkokoteni, nikampeleka Kitale. Njiani sikumtukana, ingawa ilikuwa zamu yangu.

Kule hospitali daktari alikuwa Mhindi mmoja mfupi, mpole. Akatazama madoa ya miguuni, akatazama ufizi.

"Nani amekupiga?" akauliza.

"Hata wewe?" akasema Nyapara.

Daktari akacheka. Akauliza anakula nini, anakunywa nini, mwishowe akauliza dawa.

"Situmii dawa," akasema Nyapara. "Ila ile ya Jumamosi."

"Ipi?"

"Kwinini. Nameza kwanza, ili watu waone."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza yale niliyokwisha kuandika kuhusu damu inayokataa. Akasema, "Usiiguse tena. Hata kipande. Hata kuiweka kwenye ulimi. Ukimeza tena damu inaweza kutoka kichwani, na hapo hatuonani tena."

Nyapara aliangalia mlangoni. "Daktari," akasema, "punguza sauti."

Wakamlaza mpaka damu ikatulia. Nilipokwenda kumchukua alikaa kwenye mkokoteni akigeuka kutazama nyuma mpaka tukapita miti ya mwisho ya mji. Ndipo akaniambia, "Hii habari imebaki hapa."

"Mzee, mama amefukuzwa kwa sababu hii. Tuwaambie wazee leo."

"Tukiwaambia wazee, Jumamosi hakuna atakayemeza. Watasema dawa ya mzungu imemwaga damu ya Nyapara, na watakuwa wamesema kweli. Halafu mvua ije. Nitawabeba wote mgongoni?"

"Na mama?"

Maksai walikwenda, akatazama mikono yake. Nilimwona ameshikwa pande zote mbili, kama ng'ombe kwenye josho. Akisema kweli, anawapoteza watu wa kambi. Akinyamaza, anampoteza mke. Mtu mwenye akili angechagua. Yeye akaniambia nisimamishe mkokoteni, ashuke na kiboko chake, anakwenda Misikhu kumuuliza mwenye shida yake.

Kule Misikhu kulikuwa na jambo lingine: mama mkwe. Kwetu mwanamume haonani na mama mkwe, ni aibu kubwa, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Basi Nyapara alisimama nje ya ua wa michongoma, akamwita mke wake kwa sauti ya chini, na mama mkwe aliposikia sauti akakimbilia kwenye ghala la mahindi, akajifungia. Mke mwenyewe alinisimulia baadaye. Walizungumza kupitia miiba, hawaonani ila mguu.

Akamweleza yote, damu, daktari, watu. Mke akaanza kucheka, akacheka mpaka mama yake ghalani akauliza kuna msiba gani.

"Sasa unataka niendelee kuitwa mpiga mume," akasema mama, "ili watu wameze dawa."

"Kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Mpaka kinamasi kikauke."

"Kinamasi kile hakitakauka."

"Najua, Mama Watoto."

Akafikiri. Kisha akasema, "Nitabeba hilo jina. Lakini kama nimekupiga, basi nimekunyang'anya silaha. Lete kiboko."

"Kiboko ni cha kazi!"

"Lete, au naenda kwa wazee sasa hivi, na huyu mama yangu ghalani ni shahidi."

Kiboko kikapita chini ya ua, kwenye miiba, mkono kwa mkono.

Alama zikapotea akiwa anapumzika kwake, kwa kuwa dawa iliachwa. Wazee wakasema, "Mnaona? Ujumbe ulifika." Mama akarudishwa kwa watoto wake. Na Nyapara akarudi kazini mikono mitupu, na kambi nzima ikajua bila kuambiwa kwamba kiboko kiko kwa mama. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya uvumi wote iliyokuwa kweli. Toka siku hiyo hakuna mgongo uliochapwa pale shambani. Alibaki na mdomo tu, na mdomo wake, nakubali, ulikuwa kiboko cha pili.

Lakini Jumamosi ingekuja, na watu walisubiri wamwone juu ya debe. Mara ya kwanza alijaribu kukificha kidonge shavuni kama wale aliowakamata miaka yote. Hakuwa na ufundi. Alikigusisha ulimi tu, na Jumatatu wimbi lilikuwa miguuni tena. Mama aliposikia akapandwa na hasira. Akachukua unga wa muhogo, akaukanda na maji, akatengeneza vidonge kwa kifuniko cha chupa ndogo, akavianika juu ya bati. Ukiviweka kando ya kwinini hujui kipi ni kipi.

Sasa alikuwa anameza muhogo. Na kwa kuwa muhogo hauna uchungu, ilibidi aigize. Mungu wangu! Wakati wa kwinini ya kweli alimeza kama mtu anayemeza mate. Wakati wa muhogo alifunga macho, akatikisa kichwa, akashika tumbo, akapiga debe mguu. Watu wakaogopa dawa kuliko zamani. Nikamvuta pembeni. "Mzee, punguza. Huo muhogo utakuua."

Kambi haikupoteza mtu mvua ile. Wale waliolalamika sana ni waliomkosa mpigaji wao. Kidevu alikwenda kwa mama kwa unyonge.

"Mayi, Nyapara anang'aa sana siku hizi. Umechoka?"

"Nimepumzika," akasema mama.

"Hata kofi moja la kumkumbusha?"

"Nitaona."

Na kondoo wake hakurudishiwa.

Mimi niliacha shamba, nikaanza kununua mahindi Kamukuywa na kuyapeleka Misikhu na kwingine, kwanza kichwani, baadaye kwa mkokoteni wangu mwenyewe. Tukapotezana. Mwisho mwisho wa miaka ya hamsini nikasikia amelazwa hospitali moja ya Bungoma, ana homa, alikuwa amekwisha kustaafu. Nikaenda. Nikamkuta mama kando ya kitanda, amezeeka ila ni mfupi vile vile, na Kidevu, na wengine wa kambi ya zamani wamesimama na mafungu ya ndizi. Ndizi hawakumpa mgonjwa. Walimpa mama.

Nyapara alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Aliponiona akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Fungua mdomo." Nikafungua. "Meno yamebaki machache," akasema. "Umekula sana, nilijua."

Kitanda cha pili kulikuwa na kijana wa sekondari, malaria imempata vibaya, na nasi, muuguzi wa wodi ile, alikuwa amemsimamia na kidonge cha kwinini. Kijana hataki.

"Ni chungu. Siwezi."

"Utakufa."

"Afadhali."

"Mama yako atasema nini? Meza!"

"Siwezi, bana!"

Nikaona Nyapara anajiinua kwa kiwiko. Macho yake yamewaka. Nikajua kabla hajasema, na nilikuwa mbali, upande wa miguu.

"Lete hapa," akamwambia nasi. "Mimi kwanza. Tazameni!"

Nasi, msichana wa watu, hakujua. Aliona mzee anamsaidia, naye mzee ana homa ile ile. Akampa. Nyapara akakiinua juu, wodi nzima ikione, akakitupa mdomoni.

Sikuwahi kuona mtu mfupi akiruka vile alivyoruka mama. Kofi lilisikika mpaka nje kwenye foleni. Lilimpata Nyapara shavuni barabara, na kidonge kikaruka kutoka mdomoni, kikagonga ukuta, kikaingia chini ya vitanda.

Kisha Kidevu, kwa furaha ya miaka yote ile, akapiga makofi. "Si tulisema! Si tulisema, wandugu!"

"Mama!" nasi akapiga kelele. "Unampiga mgonjwa!"

"Hiyo dawa inamwaga damu yake," akasema mama, mkono bado uko juu. "Ikimgusa anakufa. Muulize huyu."

Nikasema yote, mbele ya watu. Nikasema daktari wa Kitale, damu inayokataa, muhogo. Nikasema huyu mama hajawahi kumgusa mume wake mpaka dakika hii. Kidevu akaniwekea mkono begani kwa huruma. "Pole, ndugu. Kumbe na wewe alikupiga."

Lakini nasi alikwenda mbio kumwita daktari, na daktari akaja akasikiliza, akamwosha Nyapara kinywa, akasema apewe ile dawa nyingine mpya, si kwinini. Ndiyo iliyomponya.

Nyapara alikuwa amekaa, ameshika shavu, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Mkono mdogo," akaniambia, "lakini una uzito. Sasa nimepigwa." Halafu akamgeukia yule kijana, akafungua mdomo wake mpana usio na meno, akainua ulimi, akaonyesha upande huu na upande ule.

"Nimekufa?"

"La!" tukajibu, sisi wote wa zamani, bila kufikiri.

Kijana alimtazama Nyapara, akamtazama yule mama mfupi aliyesimama katikati ya vitanda. Akaomba kidonge kingine. Akameza bila maji.

Nyapara aliishi miaka kadhaa zaidi, akafa kwa uzee kwake Kamukuywa, ngozi yake safi.

Mimi leo nina ekari kumi na mbili Kamukuywa, zimelipiwa zote. Nina nyumba ya mabati ya vyumba vinne, mashine ya kusaga posho, ng'ombe saba wa maziwa, duka moja, na meno matano. Nina pia kiboko cha ngozi ya kifaru, kimekauka, ninafungia geti la boma. Yule mama alinipa baada ya matanga. Nilimuuliza kwa nini hakibakishi mwenyewe, akasema mkono unamtosha.